Süleymaniye: Uzito wa Kuba Unakwenda Wapi?

Juu ya mlango mkuu wa Msikiti wa Süleymaniye mjini Istanbul kuna chumba kidogo ambacho watu hupita chini yake kila siku bila kujua kwamba kipo. Zamani, kabla ya umeme, msikiti huu ulimulikwa na kandili za mafuta, na kandili hazikosi moshi. Ukiuacha moshi ujiendee, ndani ya miaka michache kuba ingekuwa nyeusi tii na aya za Qur'ani zilizoandikwa humo zisisomeke. Mjenzi aliacha matundu juu ya mlango ili hewa ivutwe upande ule. Moshi ukafuata hewa, masizi yakatua kwenye kuta za kile chumba. Wahudumu waliyakwangua, yakachanganywa na gundi ya mgunga, ukapatikana wino wa kuandikia vitabu.

Nimeanzia kwenye masizi kwa sababu ndiyo njia rahisi ya kumwelewa Sinan, msanifu aliyeujenga. Hakupigana na moshi, aliutafutia pa kwenda. Na alichoufanyia moshi ndicho alichoufanyia uzito wa mawe, jambo ambalo ni gumu zaidi kulieleza, na ndilo linalowafanya wengi waangalie picha ya msikiti huu na kuuliza: mbona hii ni Aya Sofia nyingine?

Swali lenyewe si la kipuuzi. Zitazame zote mbili kutoka juu: kuba kubwa katikati, nusu-kuba mbili zimeiegemea, moja upande wa kibla na nyingine upande wa mlango, na pande mbili zilizobaki kuna matao makubwa yenye madirisha. Aya Sofia ilijengwa hukohuko Istanbul kwa amri ya mfalme Justinian kati ya mwaka 532 na 537, ikiwa kanisa. Wauthmaniya, yaani Waturuki wa dola ya ukoo wa Osman, waliuteka mji mwaka 1453 wakaifanya msikiti. Miaka mia moja hivi baadaye Sultan Süleyman anajenga msikiti wake, 1550 hadi 1557, juu ya kilima kinachotazama ghuba ya Haliç, na ramani yake inafanana na ile ya kanisa la kale. Hesabu inaonekana nyepesi: waliona, wakaiga.

Kinachoivuruga hesabu hiyo ni mji wa Edirne, uliokuwa makao makuu ya dola kabla ya Istanbul. Huko upo msikiti unaoitwa Üç Şerefeli, yaani wenye roshani tatu, uliokamilika mwaka 1447. Kuba yake ina upana wa karibu mita 24. Hiyo ni miaka sita kabla Wauthmaniya hawajaingia Istanbul. Ukirudi nyuma zaidi, mpaka Bursa, unaukuta Msikiti Mkuu wa mwishoni mwa karne ya 14 wenye kuba 20 ndogo ndogo zilizopangwa kwa safu. Kwa hiyo safari ya kutoka kuba nyingi ndogo kwenda kwenye kuba moja kubwa walikuwa wameshaianza wenyewe. Walifika Istanbul na hamu yao tayari, na Aya Sofia ikawaonyesha namna nusu-kuba inavyoweza kuegemeza kuba na wakati huohuo kupanua ukumbi. Wakaionja taratibu: msikiti wa Sultan Mehmed, yule mtekaji, ulikuwa na nusu-kuba moja, wa mwanawe Bayezid, uliokamilika mwaka 1506, una mbili. Ramani ya Süleymaniye imetokea huko.

Kwa nini kuba kubwa ilitamaniwa kiasi hicho? Sala ni safu. Safu ikikatwa na nguzo inapinda, na anayekaa nyuma ya nguzo humsikia khatibu asimwone. Waashi wa pwani yetu walilijua tatizo hili barabara. Dari la mawe na chokaa lilikaa juu ya boriti za mikoko, na boriti haivuki nafasi inayozidi sana mita tatu, kwa hiyo kila hatua chache lazima isimamishwe nguzo. Anayezuru Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani anauona msitu huo wa nguzo kwa macho yake, na anaona pia kwamba mafundi wa Kilwa waliachana na boriti katika ile sehemu kubwa iliyoongezwa, wakafunika kwa kuba na matao. Lakini kuba ndogo zinakaa juu ya nguzo nyingi. Ukitaka nguzo zipungue, kuba lazima iwe kubwa, na hapo ndipo balaa linapoanza.

Wengi tunadhani kuba inasukuma chini tu. Chukua nusu ya ganda la chungwa, lifudikize mezani, ulibonyeze juu kwa kidole. Kingo zinatanuka. Kuba ya mawe na matofali inafanya hivyohivyo usiku na mchana, karne baada ya karne: inashuka, na inasukuma nje. Chini yake yapo matao manne, na katika pembe zilizobaki kati ya duara na mraba zimejengwa pembetatu zilizopinda ambazo hukusanya uzito na kuupeleka kwenye nguzo nne kubwa. Matao nayo yanasukuma nje. Ukijumlisha yote, nguzo zile zinabeba mzigo wima huku zikisukumwa zianguke kwa nyuma.

Aya Sofia ilionja matokeo yake mapema. Mwaka 558, miaka 21 tu baada ya kufunguliwa, kuba ilianguka kufuatia matetemeko ya ardhi. Ikajengwa upya, safari hii ikinyanyuliwa mita kama sita zaidi, kwa kuwa kuba iliyochongoka husukuma nje kidogo kuliko iliyolala. Hata hivyo sehemu zake ziliporomoka tena mwaka 989 na mwaka 1346. Ndiyo maana leo ukiitazama kwa nje unaona maegemeo makubwa ya mawe yamebandikwa kila upande, kama mgonjwa aliyezungukwa na magongo. Baadhi ya magongo hayo ni kazi ya Sinan mwenyewe, aliyepewa jukumu la kuliimarisha jengo hilo miaka ya 1570.

Sasa rudi Süleymaniye. Uzungukie kwa nje, utafute magongo. Huyaoni.

Upande wa kibla na upande wa mlango hakuna fumbo: msukumo wa kuba unapokewa na nusu-kuba, nusu-kuba inaukabidhi kwa kuba ndogo zilizo chini yake, nazo zinaupeleka ukutani na ardhini. Ndiyo ile ngazi ya mviringo unayoiona kwenye picha, kila kuba ikiteremka kwa mwenzake. Taabu iko ubavuni, kwa sababu huko hakuna nusu-kuba, lipo tao na ukuta wenye madirisha. Hapo inahitajika kuta nene sana za kuegemeza, zinazotoka nje ya jengo kwa mita kadhaa. Sinan alizijenga. Ila alizikalisha nusu ndani na nusu nje. Zile sehemu za ndani akaziunganisha kwa roshani, zikaonekana kama sehemu ya ukumbi. Nafasi kati ya zile za nje akaijaza baraza ya ghorofa mbili yenye nguzo nyembamba na mapaa mapana, na chini ya baraza hiyo akaweka mabomba ya kutawadhia. Mtu anakaa pale, anakunja mikono ya kanzu, anaosha miguu kivulini, huku ameegemea kitu kinachoizuia kuba isifumuke.

Juu ya zile nguzo nne kubwa, ukitazama kwa nje, kuna vinara vinene vyenye vikuba vyake. Watalii huvipiga picha wakidhani ni mapambo. Kazi yake ni uzito. Inashangaza kuongeza mzigo juu ya nguzo ambayo tayari imelemewa, lakini jaribu kusukuma gunia tupu lililosimamishwa, kisha usukume gunia lililojaa mchele. Uzito unaokwenda chini unaipa nguzo nguvu ya kukataa kusukumwa upande.

Kuba yenyewe ina upana wa mita 26.5, na kilele chake kipo mita 53 kutoka sakafuni, yaani maradufu kamili. Kwa upana haifikii Aya Sofia, yenye mita zipatazo 31. Wanaopenda mashindano huiona hiyo kama dosari, mimi naona Süleymaniye ilishinda mahali pengine. Ndani ya Aya Sofia ukumbi wa kati umetengwa na pande zake kwa safu za nguzo na roshani za juu. Upo katikati penye mwanga, na pembeni ni kizakiza. Ndani ya Süleymaniye, kati ya nguzo kubwa mbili za kila ubavu zimesimama nguzo mbili tu za itale, na nyuma yake eneo la pembeni limefunikwa kwa kuba tano, kubwa na ndogo kwa zamu. Jicho linavuka kutoka ukuta hadi ukuta. Ukumbi ni karibu mraba, mita 59 kwa 58 hivi, na ukisimama popote unajua umo katika chumba kimoja. Nusu-kuba na matao ni yaleyale, lakini umbo lililozaliwa ni la msikiti.

Hizo nguzo nne za itale zina habari yake. Katika kumbukumbu alizomsimulia rafiki yake mshairi Sâî Mustafa Çelebi, Sinan anasema moja ilitoka Aleksandria, moja Baalbek nchini Lebanon, moja ilikuwa tayari imesimama ndani ya mji wa Istanbul, na moja ilitoka kwenye jumba la kifalme. Urefu wa kila moja ni kama mita tisa, jiwe moja lisilo na kiungo. Kusafirisha mzigo kama huo kwa jahazi kutoka Misri haikuwa njia ya kubana matumizi. Ilikuwa njia ya sultani kusema milki yake imefika wapi.

Minara nayo inasema. Ipo minne, kwa sababu Süleyman alikuwa sultani wa nne tangu Istanbul itekwe. Miwili mirefu ina roshani tatu kila mmoja na miwili mifupi ina mbili mbili. Jumla ni kumi, na yeye alikuwa wa kumi katika ukoo wa Osman. Hapa hufaa kuwasaidia wasafiri wa kwetu wanaopitia Istanbul kisha wakarudi na picha zilizochanganyika: wenye minara sita ni Msikiti wa Sultan Ahmed, ule ulio jirani na Aya Sofia, uliojengwa 1609 hadi 1616, Sinan akiwa ameshafariki. Huo una nusu-kuba nne, nguzo nene kama miguu ya tembo, na vigae zaidi ya 20,000 vya buluu na kijani. Süleymaniye umejizuia. Vigae vya İznik vimewekwa ukuta wa mihrabu tu, na ni miongoni mwa vya mwanzo kabisa kutumia ile rangi nyekundu ya nyanya ambayo baadaye ilivipa vigae vya mji huo sifa dunia nzima. Kuta nyingine ni mawe, mwanga na maandishi ya shule ya Ahmed Karahisari. Ladha haina hakimu, lakini mimi nauchagua huu.

Aliyeujenga alizaliwa Mkristo. Sinan alitoka Ağırnas, kijiji cha karibu na Kayseri, katika miaka ya 1490 hivi, akachukuliwa kijana kwa utaratibu wa dola wa kukusanya watoto wa Kikristo, akasilimishwa na kuingizwa katika jeshi la Janisari, askari maalumu wa sultani. Ufundi wake ulikomaa vitani: Belgrade, Rhodes, Mohács, Baghdad. Jeshi likifika mtoni linataka daraja leo, halitaki mchoro mzuri. Alipoteuliwa msanifu mkuu wa dola mwaka 1539 alikuwa anakaribia miaka 50, umri ambao wengine wanafikiria kustaafu, na alikaa kwenye kazi hiyo hadi kifo chake mwaka 1588. Inasimuliwa kwamba aliuita msikiti wa Şehzade, uliotangulia Süleymaniye, kazi ya mwanagenzi. Süleymaniye kazi ya fundi. Na Selimiye wa Edirne, aliouanza mwaka 1568 na kuifikisha kuba yake kwenye upana wa ile ya Aya Sofia, kazi ya bingwa.

Hakujenga peke yake, na kwa bahati daftari za hesabu za ujenzi zimebaki. Mwanahistoria Ömer Lütfi Barkan alizichambua katika karne iliyopita, na kilichomo kinafuta picha ya watumwa wakichapwa viboko. Mafundi waliosajiliwa walikuwa zaidi ya 3,500, na Wakristo walizidi nusu kidogo. Zaidi ya nusu ya siku za kazi zilifanywa na watu huru wanaolipwa ujira. Sehemu kubwa ya zilizobaki ni vijana wanaofunzwa kuwa Janisari. Watumwa wa kupiga makasia kwenye merikebu za kivita walifanya asilimia kama 5 tu. Kila wiki karani aliandika nani amekuja na amelipwa nini.

Msikiti ulikuwa kiini cha mji mdogo. Kuuzunguka kulijengwa madrasa, chuo cha hadithi, chuo cha udaktari, hospitali, chuo cha watoto, jiko la kuwapikia wanafunzi na maskini, nyumba ya wageni na hamamu. Vyote vilikuwa wakfu, vikiendeshwa kwa mapato ya vijiji na mali nyingine zilizofungiwa kazi hiyo. Kilima kina mteremko mkali upande wa Haliç, na madrasa mbili za upande huo zinateremka chumba baada ya chumba kama ngazi. Madrasa nyingine zimekuwa maktaba ya hati za mkono, moja ya hazina kubwa za aina hiyo duniani. Na mbele ya safu ya vyuo hivyo, katika maduka ambayo zamani yalisifika kwa wavuta kasumba, leo zimejipanga hoteli za maharage. Ndiyo, maharage meupe ya mchuzi wa nyanya, kwa wali. Mtu wa Moshi au wa Nyeri atajisikia nyumbani.

Jengo la aina hii halikosi ngano. Maarufu kuliko zote inasema Süleyman aliletewa fitina kwamba Sinan amekaa chini ya kuba anavuta buruma, kile kiko cha maji. Akaenda kwa hasira, akamkuta kweli na buruma, lakini haina tumbaku: alikuwa anasikiliza namna mlio wa maji unavyosambaa ukumbini. Hadithi tamu, ila tumbaku ilifika Istanbul karibu na mwaka 1600, na wakati huo wote wawili walikuwa makaburini. Kilicho kweli ni kwamba sauti ilishughulikiwa. Ndani ya kuba imezikwa mitungi ya udongo, midomo imeachwa wazi kuelekea ukumbini, ili sauti isirudi kwa mwangwi wa ovyo.

Ngano ya pili ni ya Shah Tahmasp wa Iran. Aliposikia ujenzi umesuasua alipeleka sanduku la vito, kejeli ya tajiri kwa aliyeishiwa, naye Süleyman akaamuru vito visagwe na kutiwa kwenye mawe ya mnara mmojawapo. Mnara ule ukaitwa wa vito. Kuamini ni hiari yako. Inachoonyesha ni kwamba watu walijua msikiti huu unazungumza pia na jirani adui.

Misukosuko haikukosa. Moto wa mwaka 1660 uliuchoma. Tetemeko la mwaka 1766, lililouangusha msikiti wa Sultan Mehmed, liliivunja sehemu ya kuba ya Süleymaniye. Katikati ya karne ya 19 ndugu Fossati, wasanifu kutoka Uswisi, waliupaka mapambo ya mtindo wa Ulaya ambayo mrekebishaji wa karne ya 20 alikuwa na kazi ya kuyachokonoa ili kuzifikia rangi za zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ua wake uligeuzwa ghala la silaha, risasi zikashika moto. Ukarabati mkubwa wa karibuni ulimalizika mwaka 2010. Zile nguzo nne kubwa zinazobeba kuba na maegemeo yake yaliyojificha yamekaa pale tangu mwaka 1557.

Süleyman, aliyefia vitani Hungaria mwaka 1566, amezikwa nyuma ya ukuta wa kibla katika jengo lenye pande nane, jirani na mkewe Hürrem aliyemtangulia mwaka 1558. Sinan hakuzikwa humo. Kaburi lake lipo nje ya ukuta, kwenye pembe ya kaskazini ambapo njia mbili zinakutana, na ni dogo kiasi kwamba ukiwa na haraka utalipita. Shairi lililochongwa hapo, la Sâî yuleyule, linataja misikiti zaidi ya 400 na daraja la Büyükçekmece, na linamfananisha na Khidr, yule wa maji ya uzima, kwa ajili ya mifereji aliyoitengeneza kuleta maji mjini. Kwenye ncha ya pembe hiyo, mbele ya kaburi, pamejengwa kidirisha cha mawe cha kuwagawia wapita njia maji ya kunywa.